Babu alitoka wapi? Namna ya kufuatilia asili ya mzee aliyehamia Kasansa

SWALI hilo huja siku ambayo mtu hakulitarajia. Kijana aliyezaliwa na kukulia mjini anafuatilia Kitambulisho cha Taifa, hati ya kusafiria au mirathi ya baba yake, na mtu aliyeketi upande wa pili wa meza anamuuliza: babu yako mzaa baba alizaliwa wapi?

Kijana anajibu bila kusita kwamba babu alizaliwa Kasansa. Huko ndiko alikopelekwa likizo akiwa mtoto, na huko ndiko liliko kaburi la mzee. Lakini aliyezikwa Kasansa si lazima awe alizaliwa Kasansa. Anapompigia simu shangazi yake ili kuhakikisha, anaambiwa kwamba mzee "alikuja". Alitoka wapi, lini na kwa sababu gani, shangazi naye hana hakika.

Kasansa ni kata iliyomo katika bonde la Ziwa Rukwa, katika Halmashauri ya Mpimbwe, wilayani Mlele, Mkoa wa Katavi. Wenyeji wa asili wa eneo hilo ni Wapimbwe. Hata hivyo, kwa muda mrefu bonde hilo limepokea watu wa makabila mengine, wakiwamo Wafipa, Warungwa, Wakonongo, Wanyamwezi na, hasa kuanzia miaka ya 1970, Wasukuma waliofika na makundi ya ng'ombe wakitafuta malisho na mashamba.

Takwimu za mkoa mzima zinathibitisha hali hiyo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 564,604 katika Mkoa wa Katavi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,152,958, sawa na ongezeko la asilimia 7.1 kwa mwaka, ambalo ni kubwa kuliko la mkoa mwingine wowote nchini. Ongezeko la namna hiyo haliwezi kuletwa na uzazi peke yake. Maana yake ni kwamba katika kaya nyingi za Katavi, ukirudi nyuma kizazi kimoja au viwili, utamkuta mtu aliyekuja.

Kwa nini swali hili lina uzito

Wapo wanaodhani kwamba kutafuta asili ya babu ni kazi ya wastaafu wenye nafasi. Ukweli ni kwamba jibu lake linaweza kugusa haki za mtu aliye hai.

Katiba iliyoipatia Tanganyika uhuru mwaka 1961 iliweka utaratibu wa nani awe raia. Kwa ujumla, mtu aliyezaliwa Tanganyika, na ambaye mkesha wa uhuru alikuwa chini ya himaya au ulinzi wa Uingereza, alipata uraia moja kwa moja Desemba 9, 1961, iwapo angalau mmoja wa wazazi wake naye alizaliwa Tanganyika.

Chukulia basi mtu ambaye baba yake alizaliwa Kasansa mwaka 1955. Uraia wa baba huyo siku ya uhuru ulitegemea mahali walipozaliwa wazazi wake, yaani babu na bibi wa muulizwaji. Ndiyo maana katika mikoa inayopakana na nchi jirani maswali ya maofisa hayaishii kwa baba, bali huvuka hadi kwa babu.

Hapa ndipo penye jambo ambalo familia nyingi hulisahau. Utaratibu huo wa mwaka 1961 haukusema ni lazima baba awe ndiye aliyezaliwa Tanganyika. Ulisema mmoja wa wazazi. Familia inaweza kuhangaika miaka mingi kutafuta kijiji alikozaliwa babu ng'ambo ya ziwa, ilhali bibi alizaliwa hapo hapo Mpimbwe, na ndugu zake bado wapo na wanaweza kusimama kama mashahidi.

Suala la ardhi nalo limo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inatoa hakimiliki ya kimila kwa raia. Mgogoro wa shamba unapozuka, hoja ya kwamba "hawa ni wa kuja" huwa haikawii kutolewa, na familia isiyojua historia yake hubaki haina la kusema.

Zaidi ya hayo kuna mambo ya ndani ya ukoo: nani ni ndugu na hawezi kuolewa, nani ana haki katika mirathi, na msiba ukitokea taarifa ipelekwe wapi.

Tafuta njia, usitafute kabila

Kosa la kwanza la wanaoanza kazi hii ni kuuliza, "Babu alikuwa kabila gani?" Jibu la swali hilo mara nyingi ni neno moja, na neno hilo linaweza kupotosha. Wapo waliobadili kabila kwa kuoa, kwa kulelewa na jamaa wengine, au kwa hofu. Inafahamika, kwa mfano, kwamba baadhi ya watu waliokimbia Burundi waliishi magharibi mwa Tanzania wakijulikana kama Waha, kwa kuwa lugha ya Kiha na Kirundi zinakaribiana sana.

Swali linalozaa matunda ni la njia: alitoka wapi kabla ya kufika hapa, alilala wapi njiani, alimfuata nani na aliacha nani. Mtu husahau mwaka, lakini ni nadra kumsahau aliyempokea siku ya kwanza alipofika ugenini. Aliyempokea naye alikuwa na sababu ya kumpokea. Huenda walitoka kijiji kimoja, walikuwa wa ukoo mmoja, au walifanya kazi pamoja.

Kwa mtu aliyeingia eneo la Mpanda ya zamani, njia zinazojulikana si nyingi, na kila moja ina zama zake.

Ya kwanza ni ya Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918. Majeshi yalichukua wapagazi wengi, na wengine hawakurudi makwao. Majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Tabora Septemba 1916, na baadhi ya watu waliofuatana nayo walibaki upande huu.

Ya pili ni ya mashamba ya mkonge. Kuanzia mwaka 1944 chombo cha wenye mashamba kilichoitwa SILABU kiliandikisha vibarua kutoka maeneo ya magharibi na nchi jirani na kuwapeleka Tanga na Morogoro. Hao ndio walioitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Mkataba ulipokwisha, wapo walioishia njiani, mahali ambapo si kwao wala si kazini.

Ya tatu ni ya madini na reli. Mgodi wa risasi uliochimbwa na kampuni ya Uruwira Minerals huko Mpanda ndio uliosababisha kujengwa kwa tawi la reli kutoka Kaliua hadi Mpanda, lililokamilika yapata mwaka 1950. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, na baadhi ya wafanyakazi wake wakawa wakulima.

Ya nne ni ya wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, waliopewa makazi ya Katumba mwaka 1973 na Mishamo mwaka 1978, yote katika Mpanda ya wakati huo.

Ya tano ni ya wafugaji kutoka Usukuma, wengi wao wakipita Tabora kwa hatua za miaka kadhaa. Mzee wa aina hii anaweza kuwa na makaburi ya watoto wake katika sehemu tatu tofauti kabla ya kufika Kasansa, na kila kaburi ni kituo cha safari yake.

Anza na walio hai, na anza na bibi

Wataalamu wa historia ya mapokeo wanakubaliana kwamba kazi huanzia kwa walio hai, wala si kwenye makaratasi. Karatasi inaweza kusubiri mwaka mmoja zaidi. Mzee wa miaka 85 huenda asisubiri.

Mwenye kuulizwa kwanza awe bibi, kama yupo. Wanaume wengi husimulia maisha yao kwa kazi na safari, bali wanawake huyapanga kwa uzazi: huyu alizaliwa tukiwa tunakaa kwa mjomba, huyu alizaliwa baada ya kuhama. Mpangilio huo wa watoto ni kalenda tosha, kwani baadhi ya watoto hao wana vyeti vya ubatizo, vya shule au vya kliniki.

Baada ya bibi wafuate mashangazi, wadogo wa babu, majirani wa rika lake na watoto wa yule aliyempokea. Kila mmoja aulizwe peke yake. Wakiulizwa pamoja, mkubwa ndiye atakayesema na wengine wataitikia kwa adabu.

Aidha, mzee asikatizwe wala asisahihishwe. Akisema jambo linalopingana na alilosema jana, yote mawili yaandikwe, kwa kuwa tofauti hiyo yenyewe inaweza kuonyesha palipofichwa kitu. Simu ya mkononi inatosha kurekodi sauti, mradi mzee ameridhia.

Kalenda ya matukio

Wazee wengi wa kizazi hicho hawakuandikiwa tarehe ya kuzaliwa. Tarehe zilizomo kwenye kadi zao za baadaye, hasa zile zinazosomeka Januari 1 au Julai 1, mara nyingi ni makadirio ya karani. Njia iliyozoeleka ya kukadiria kwa uangalifu zaidi ni kumwuliza mzee alikuwa na ukubwa gani tukio fulani lilipotokea.

Bonde la Rukwa lina tukio moja linalokumbukwa sana, nalo ni nzige. Bonde hilo ni mojawapo ya mazalio makuu ya nzige wekundu barani Afrika, na baa lililoanza mwaka 1929 lilidumu, kwa kupanda na kushuka, hadi mwaka 1944. Mwaka 1949 nchi za eneo hilo ziliunda chombo cha kimataifa cha kudhibiti nzige hao, makao yake yakiwa Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia.

Matukio mengine ya kutumia ni kuhamishwa kwa watu katika makazi ya kukwepa malale, katika miaka ya 1920 na 1930. Vita Kuu ya Pili ya 1939 hadi 1945 na vijana waliochukuliwa kujiunga na KAR. Treni ya kwanza kufika Mpanda. Uhuru wa mwaka 1961. Operesheni Vijiji ya mwaka 1974. Kutangazwa kwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi mwaka huo huo wa 1974. Na vita vya Kagera vya 1978 na 1979.

Chukulia mfano wa kubuni. Mzee anasema alikuwa anachunga mbuzi nzige walipofunika jua. Mtoto wa kuchunga mbuzi huwa na miaka kati ya sita na kumi. Ikiwa nzige hao ni wa mwaka 1931, mzee alizaliwa kati ya 1921 na 1925. Lakini nzige walirudi mara kadhaa, hivyo tukio moja halitoshi. Anapoongeza kwamba alikuwa ameoa na ana mtoto mmoja treni ilipofika Mpanda, na daftari la parokia likaonyesha mtoto huyo alibatizwa mwaka 1949, makadirio ya kwanza yanapata nguvu. Matukio mawili na karatasi moja vimefanya kazi ambayo kumbukumbu peke yake isingeweza.

Majina ya watu na mitego yake

Jina la babu lenyewe ni ushahidi, mradi lisomwe kwa desturi ya watu waliolitoa. Kwa Wasukuma na Wanyamwezi, Kulwa na Doto ni mapacha, na Shija ni anayezaliwa baada ya mapacha. Kwa hiyo aliye na babu aitwaye Shija anapaswa kuuliza habari za mapacha waliomtangulia. Mabula ni jina linalohusishwa na mvua. Neno Ng'wana mbele ya jina humaanisha mwana wa fulani, na hivyo humtaja baba.

Kwa watu wa Burundi hali ni tofauti kabisa. Kwa desturi jina la Kirundi hupewa mtu mmoja mmoja, wala si la ukoo, hata ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina yasiyofanana. Anayewatafuta ndugu wa babu kwa kufuata jina la babu atapita mlangoni kwao bila kuwatambua.

Liko pia jina la ubatizo, ambalo mara nyingi ndilo pekee lililoingia katika maandishi. Mtu aliyejulikana kijijini kwa jina moja maisha yake yote anaweza kuwa katika daftari la kanisa kwa jina ambalo wajukuu hawajawahi kulisikia. Kwa sababu hiyo ni vyema kukusanya majina yote kabla ya kwenda ofisini: la kuzaliwa, la dini, la utani na lile aliloandikiwa na mtoza kodi.

Majina ya mahali yanavyopoteza watu

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye majina ya mahali. Kasansa ya Mpimbwe isichanganywe na Kasanga, bandari iliyo kusini mwa Ziwa Tanganyika, mkoani Rukwa. Wajerumani waliijenga Kasanga kuwa makao ya wilaya na kuiita Bismarckburg. Herufi moja tu inaweza kumhamisha babu kutoka bonde moja hadi ufuko wa ziwa jingine.

Vivyo hivyo, miji ya ng'ambo ilibadilishwa majina. Albertville ya Wabelgiji ni Kalemie ya leo, Baudouinville ni Moba, na Usumbura ni Bujumbura. Karatasi ya mwaka 1950 itataja jina la zamani, wakati jamaa watataja jipya, na mtafutaji asiyejua atadhani ni sehemu mbili.

Hata ndani ya nchi mipaka imehama. Mpanda ilikuwa chini ya Tabora hadi mwaka 1974 ulipoundwa Mkoa wa Rukwa. Mwaka 2012 ukaundwa Mkoa wa Katavi, na Mlele ikawa wilaya. Hivyo ndugu watatu waliozaliwa katika nyumba moja Kasansa wanaweza kuwa na karatasi zenye mikoa mitatu: Tabora, Rukwa na Katavi. Ofisa asiyeifahamu historia hiyo anaweza kudhani kuna udanganyifu, kumbe hakuna.

Karatasi ziko wapi

Baada ya simulizi kukusanywa, ndipo makaratasi hutafutwa. Ya kwanza yapo nyumbani, chini ya kitanda, ndani ya sanduku la bati: stakabadhi za kodi, kadi ya TANU, kadi ya chama cha ushirika, cheti cha kuachishwa kazi, kitambulisho cha mgodi. Stakabadhi ya kodi ina thamani ya pekee, kwa kuwa huonyesha mahali mtu alipolipia na mwaka, hata kama haisemi alikozaliwa.

Pili ni madaftari ya makanisa. Katika eneo hili Kanisa Katoliki lina kumbukumbu ndefu. Wamisionari wa Afrika, waliojulikana zaidi kama Mapadri Weupe, waliipokea ngome ya Karema mwaka 1885 kutoka kwa wajumbe wa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, waliokuwa wameijenga mwaka 1879. Daftari la ubatizo huandika jina, wazazi, msimamizi, mahali na tarehe, na pembeni huongezwa habari za ndoa, hata kama ndoa ilifungwa parokia nyingine. Anayetafuta akumbuke kwamba Jimbo Katoliki la Mpanda lilianzishwa mwaka 2000 kwa kumegwa kutoka Sumbawanga, ambalo nalo hapo awali liliitwa Jimbo la Karema.

Kwa familia zilizopitia Unyamwezi, madaftari ya Kanisa la Moravian nayo yasisahaulike. Kwa familia za Kiislamu, wa kuulizwa ni masheikhe waliofungisha ndoa na wazee wa misikiti ya miji ya njia ya misafara, hasa Tabora na Ujiji.

Tatu ni serikali. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa inahifadhi majalada ya utawala wa Wajerumani na wa Waingereza, vikiwamo vile vitabu vya wilaya ambamo wakuu wa wilaya waliandika habari za watemi, koo, kodi na uhamaji wa watu. Ni nadra kumkuta humo mkulima wa kawaida kwa jina lake, lakini unaweza kukuta habari za kijiji chake kuhamishwa, na mwaka huo ukathibitisha maneno ya mzee.

Vyeti vya kuzaliwa, vinavyoshughulikiwa na RITA, havitasaidia sana kwa babu mwenyewe, kwani Waafrika wengi wa vijijini hawakuandikishwa wakati wa ukoloni. Vinasaidia kwa watoto na wajukuu wake.

Mzee wa Karema aliyetoka Mto Niger

Iwapo yupo anayedhani kwamba safari ndefu mno haiwezi kufuatiliwa, Katavi ina mfano wa kumtoa wasiwasi. Ni habari za Adrian Atiman, tabibu na katekista wa Karema.

Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 kando ya Mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa mtoto mdogo alitekwa, akauzwa utumwani na kuvushwa jangwa la Sahara hadi Algeria, ambako Mapadri Weupe walimkomboa kwa kumlipia fedha. Kadinali Charles Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, alikuwa na mpango wa kuwasomesha udaktari vijana Waafrika waliokombolewa, na Atiman alipelekwa kisiwani Malta kwa masomo hayo.

Mwaka 1888 alianza safari ya Afrika Mashariki, na baada ya mwendo wa msafara kutoka pwani alifika Karema mwaka 1889. Alibaki hapo akitibu watu na kufundisha dini hadi alipofariki mwaka 1956, kipindi cha miaka 67. Alioa, na mwanawe Joseph akawa padri.

Ni kwa vipi habari za mtoto aliyeibwa zaidi ya karne moja na nusu iliyopita zinajulikana leo? Sababu ni mbili. Kwanza, Atiman alisimulia maisha yake mwenyewe angali hai, na simulizi hilo lilichapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, miaka kumi kabla ya kifo chake. Pili, tangu siku alipokombolewa, kulikuwa na watu wanaoandika: vituo vya shirika vilitunza shajara na madaftari.

Hivyo maisha yake yana nusu mbili. Nusu ya kwanza inatokana na kumbukumbu ya mtoto, ndiyo maana mwaka wake wa kuzaliwa hadi leo hutajwa kwa neno "yapata". Nusu ya pili ina tarehe. Babu wa Kasansa naye ana nusu mbili za namna hiyo, na kazi ya mjukuu ni kuzikutanisha.

Waliotoka Burundi

Kwa familia zilizopitia Katumba na Mishamo, karatasi zipo nyingi zaidi kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa mkimbizi huandikishwa kila hatua. Mwaka 2007 serikali iliwapa wakimbizi wa mwaka 1972 nafasi ya kuchagua kati ya kurudi Burundi na kuomba uraia wa Tanzania. Zaidi ya watu 160,000 walikubaliwa kupata uraia wa tajnisi, na ugawaji wa vyeti ulianza mwaka 2014. Cheti hicho kitunzwe na nakala zake zigawiwe kwa watoto wote, maana ndicho kinachofunga mjadala.

Anayetafuta zaidi ya hapo, yaani kijiji cha babu huko Burundi, anapaswa kujua jina la kilima. Nchini Burundi mtu hutambulika kwa kilima alikozaliwa, kisha tarafa, kisha mkoa. Jina la mkoa peke yake halitoshi, hasa baada ya nchi hiyo kupunguza mikoa yake kutoka 18 hadi mitano mwaka 2025. Jina la kilima halijabadilika, na mara nyingi bibi analikumbuka.

Mambo ya kutahadhari

Si kila mzee anapenda kuulizwa. Wapo waliokimbia mauaji, wapo walioacha mke na watoto walikotoka, na wapo ambao wazazi wao walikuwa watumwa. Ukimya wa mzee una sababu, na mjukuu hana haki ya kuuvunja kwa nguvu. Mara nyingi mzee aliyekataa mbele ya watu husema jioni akiwa na mjukuu mmoja.

Aidha, habari zilizopatikana ni mali ya familia. Zisisambazwe ovyo, kwa kuwa neno "mhamiaji" lililosemwa kwa mapenzi ndani ya nyumba linaweza kutumiwa nje kama silaha katika ugomvi wa shamba au wa uongozi wa kijiji.

Vipimo vya vinasaba, ambavyo sasa vinauzwa na kampuni za nje, vinaweza kuonyesha ndugu wa karibu waliopima pia, na kukisia eneo pana la asili. Haviwezi kutaja kijiji wala kusema babu alifika lini. Mahali pa bibi na daftari la parokia hapajapata mrithi.

Penye shaka ya uraia, familia ipeleke vielelezo vyake vyote Uhamiaji kwa pamoja, ikiwezekana baada ya kupata ushauri wa mwanasheria, badala ya kutoa jibu la kubahatisha. Jibu la kubahatisha lililoandikwa kwenye fomu leo huwa ndilo ushahidi dhidi ya mtoto kesho.

Kazi yenyewe haihitaji fedha nyingi. Inahitaji daftari moja, ukurasa mmoja kwa kila mtu, na safu tatu katika kila ukurasa: kilichosemwa, nani alisema, na karatasi inayothibitisha. Safu ya tatu ikibaki tupu, iachwe tupu. Isijazwe kwa kukisia.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Atiman, aliyeuzwa utumwani kabla hajajua kuhesabu miaka yake, hakuiacha asili yake. Aliisimulia ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, maelfu ya kilomita kutoka mto aliozaliwa. Wazee wa Kasansa nao wangali na ya kusimulia, na wajukuu wao walioko mijini wanayo namba ya simu ya bibi.